Punje, pumba au mmea mzima: mahindi yapi kwa mfugo upi hapa Mwanza?

Mfugaji anayeanza akiniuliza kama mahindi yanafaa kulisha mifugo, huwa namrudishia maswali mawili kwanza. Sehemu gani ya mahindi? Na tumbo la nani? Mmea mmoja wa mahindi unakupa vyakula vinne tofauti kabisa: punje, pumba, mmea mbichi wa kufanyia saileji (malisho yaliyokatwakatwa na kuchachushwa bila hewa ili yakae muda mrefu), na mabua makavu yanayobaki shambani baada ya kuvuna. Kinachomnenepesha kuku kinaweza kumuua ng'ombe kwa usiku mmoja, na kinachompa ng'ombe maziwa kiangazi chote hakimsaidii kuku hata kidogo.

Nafugia hapa Kisesa, kuku mia mbili wa mayai na ng'ombe wawili wa maziwa, na haya nayalinganisha kwa sababu kila msimu lazima nichague. Eka yangu ni moja. Nikiifanya yote kuwa punje, ng'ombe wanalia. Nikiifanya saileji, kuku wanategemea soko.

Tuanze na kuku, maana mjini ndiye anayemaliza mahindi mengi. Kuku ana tumbo moja dogo na firigisi. Anasaga vizuri, lakini nyuzinyuzi hana uwezo nazo, zinapita tu. Punje ya mahindi ni wanga kwa kiasi cha asilimia 70 hivi, na wanga huo kuku anautumia karibu wote. Hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayompa nishati nyingi zaidi kwa kilo. Mparazie mahindi, yaani yavunjwe vipande badala ya kusagwa unga, maana unga laini unamziba mdomo na mwingi unapotea chini kama vumbi.

Pumba ndiyo inayowachanganya watu. Wanasikia kwamba pumba ina protini kuliko punje, jambo ambalo ni kweli, wanaona bei yake ni ya chini, kisha wanajaza pumba tupu kwenye vihori. Kuku anashiba kabla hajapata nishati anayohitaji. Baada ya wiki mbili mayai yanapungua na mwenye banda anaanza kutafuta ugonjwa. Tazama tofauti:

| Chakula kikiwa kikavu | Protini | Nishati kwa kuku (kilokalori kwa kilo) |
|---|---|---|
| Punje za mahindi | 8–9% | 3,300–3,400 |
| Pumba za mahindi | 9–11% | 2,200–2,600 |
| Mtama mweupe | 9–11% | 3,200–3,300 |
| Makopa ya muhogo | 2–3% | kama 3,000 |
| Saileji ya mahindi | 7–8% | si chakula cha kuku |
| Mabua makavu | 3–5% | si chakula cha kuku |

Pumba yenyewe inatofautiana sana kati ya mashine na mashine. Mashine inayokoboa sana inaacha chenga na unga mwingi ndani ya pumba. Inayokoboa juu juu inatoa maganda matupu. Usinunue kwa macho. Chukua konzi moja uikamue: ikikuachia unga na ulaini wa mafuta kiganjani, hiyo ina kitu ndani. Ikiwa nyepesi na inapeperuka kama makapi, ni ya kujaza tumbo tu. Kisha tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, uache itulie. Mchanga utauona chini. Wapo wanaochanganya magunzi yaliyosagwa, na hayo hayazami, kwa hiyo tafuta vipande vigumu kwa vidole. Na nunua kwa mizani, si kwa gunia, kwa sababu gunia la pumba lililoshindiliwa na lisiloshindiliwa yanatofautiana uzito kuliko unavyodhani.

Sasa bei. Mimi natumia kanuni moja tu na haijaniangusha: kwa kuku, pumba inalipa ikiwa bei ya kilo yake haijapita asilimia 70 ya bei ya kilo ya mahindi. Tuseme mahindi ni shilingi 800 kwa kilo. Asilimia 70 yake ni 560. Pumba ikiwa 450, ichukue na uiweke kwenye mchanganyiko. Ikifika 600, unalipa zaidi kwa nishati ile ile, tena kwa chakula kinachomjaza kuku haraka. Bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo weka zako za leo kwenye hesabu hiyo. Hata pumba ikiwa rahisi namna gani, kwa kuku wa mayai sivuki kilo 15 hadi 20 katika kilo 100 za chakula.

Mchanganyiko ninaowapa kuku wangu wanaotaga ni huu: mahindi ya kuparaza kilo 47, pumba kilo 12, mashudu ya alizeti 17, soya iliyokaangwa na kusagwa 4, dagaa 10, chokaa ya mifugo 7, mifupa iliyosagwa 2, chumvi gramu 300, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) kwa kipimo cha kwenye pakiti. Inakaribia kilo 100, na protini yake ni kama asilimia 16, ambayo ndiyo kuku anayetaga anaihitaji. Katika hizo 16, mahindi yameleta nne tu. Hapo ndipo utaona kwa nini kuku wa mahindi matupu hatagi vizuri hata ukimjazia kutwa. Mahindi hayana laisini ya kutosha, kiungo kimoja muhimu cha protini, na kalsiamu yake ni kama hakuna, wakati kuku anayetengeneza ganda la yai anataka chakula chenye kalsiamu ya asilimia tatu na nusu hadi nne.

Kuku mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 kwa mwezi wanamaliza kama kilo 345 za chakula, na humo mahindi ni kilo 160 na ushei, yaani gunia moja na nusu na kidogo. Hesabu hii iweke kichwani kabla hujanunua vifaranga.

Sisi wa ziwani tuna bahati moja ambayo wafugaji wa bara wanaitamani: dagaa. Pale Mwaloni Kirumba unaweza kupata dagaa wa chakula cha kuku kwa gunia. Dagaa waliokauka vizuri wana protini ya nusu ya uzito wao au zaidi, na ndio wanaoyafanya mahindi yawe na maana. Lakini uliza wameanikwa wapi. Walioanikwa kwenye chanja ni wasafi. Walioanikwa mchangani unalipia mchanga wa ufukweni kwa bei ya samaki, na ule mtihani wa glasi ya maji unafaa kwao pia.

Kitu kingine tulichonacho karibu ni mashudu ya pamba, kwa kuwa tuko katikati ya ukanda wa pamba. Hapa naomba mfugaji asikilize vizuri. Mashudu ya pamba ni chakula kizuri cha ng'ombe. Kwa kuku na nguruwe yana sumu iitwayo gosipoli. Kiini cha yai kinaweza kubadilika rangi kikawa cha kijani kibichi kilichofifia, na nguruwe anaweza kufa. Kwa hao tumia mashudu ya alizeti au soya.

Rangi ya kiini ni suala la soko. Mahindi yetu ni meupe, na mahindi meupe hayana kinachotia kiini rangi. Mteja akivunja yai akaona kiini cheupe analalamika, ingawa lishe yake kwa sehemu kubwa ni ile ile. Mahindi ya njano yanaleta rangi. Wazee wengi bado hawayapendi, tangu enzi za unga wa njano wa misaada ulioitwa Yanga, lakini kuku hana kumbukumbu hiyo. Ukiyakosa, funga mchicha au majani ya lusina bandani, rangi itarudi ndani ya wiki mbili hivi.

Sasa twende kwa ng'ombe, ambako mambo yanageuka juu chini.

Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa ni kama pipa la kuchachusha majani. Wadudu wasioonekana waliomo humo ndio wanaovunja nyuzinyuzi. Ukimmiminia punje za mahindi kwa wingi ghafla, wanga unachacha upesi, tumbo linajaa asidi, wadudu wale wanakufa, na ng'ombe anasimama kichwa chini, hacheui, anaharisha maji yenye harufu kali. Ng'ombe aliyevunja mlango wa ghala usiku na kula nusu gunia mara nyingi hapati asubuhi ya pili. Kwa hiyo kama unataka kumpa ng'ombe mahindi, yaparaze, anza na konzi, ongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu, na majani yawe ndiyo chakula kikuu siku zote.

Ila swali langu kwa mwenye ng'ombe ni hili: kwa nini umpe punje kabisa? Pumba, ambayo kwa kuku ni chakula cha daraja la pili, kwa ng'ombe inakaribia punje kwa nishati, maana yeye nyuzinyuzi anaziweza. Na pumba hailiwi na watu. Bei ya unga ikipanda na mtu anatafuta debe la kulisha watoto, mimi naona si sawa punje ziende kwa mnyama ambaye angestawi kwa kitu kingine. Ng'ombe wangu wakati wa kukamuliwa wanapata mchanganyiko wa pumba kilo 70, mashudu ya pamba 27, madini 2 na chumvi 1. Kilo moja kwa kila lita mbili hadi mbili na nusu za maziwa zinazozidi yale ambayo majani peke yake yangeyatoa. Basi.

Chakula halisi cha ng'ombe kwenye mmea wa mahindi ni mmea wenyewe. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo linalozuiwa kulishwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Saileji ni ngitili ya mtu mwenye eka moja. Unakata mahindi yakiwa bado yana majani ya kijani na punje zimeanza kugumu, zikiminywa zinatoa kitu kama unga uliokandwa badala ya maziwa. Unakatakata vipande vya sentimita moja hadi mbili, unapanga kwenye shimo lenye nailoni au kwenye mifuko mizito, unashindilia mpaka hewa iishe, unafunika, unaweka udongo au mawe juu. Hapa Mwanza mawe hayajawahi kuwa shida. Baada ya siku 30 unafungua. Molasi si lazima, maana mahindi yana sukari yake ya kutosha. Kosa linaloharibu saileji nyingi ni kushindilia kwa haraka: hewa ikibaki, ukungu unaingia, na saileji yenye ukungu tupa, usimpe mnyama.

Ng'ombe mmoja akila kilo 20 kwa siku kwa siku 120, toka Juni mpaka Septemba, anahitaji kilo 2,400. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri inabeba kama kilo 500 hadi 600, kwa hiyo shimo la urefu wa mita mbili, upana mita moja na nusu na kina mita moja na nusu linamtosha ng'ombe mmoja.

Ulinganisho unaonisumbua kila msimu ni huu hapa. Shamba linalotoa gunia 8 za punje kwa eka lingetoa takribani tani 6 za mmea mbichi kama lingekatwa kwa saileji. Gunia 8 zinatosheleza sehemu ya mahindi ya kuku 100 kwa karibu miezi mitano. Tani 6, ukitoa kinachopotea, zinawabeba ng'ombe wawili kiangazi chote. Punje zinahifadhika, zinauzika wakati wowote, na nyumbani zinalika. Saileji haiuziki kirahisi na ukishafungua shimo lazima uendelee kulisha. Lakini lita za maziwa mwezi wa Agosti, wakati majani yamekauka toka Usagara mpaka Magu na kila mtu maziwa yamemkatika, zina bei nzuri kuliko lita za mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mimi robo tatu ya eka nakata saileji, robo naiacha ikauke kwa chakula cha nyumbani, na mahindi ya kuku nanunua wakati wa mavuno. Mwenye kuku watupu asihangaike na saileji hata kidogo, avune punje.

Mabua yanayobaki baada ya kuvuna punje ni chakula cha kujaza tumbo. Yakatekate, yaloweshe kidogo kwa maji ya chumvi au molasi, changanya na majani ya viazi vitamu, ng'ombe mkubwa atayala. Ng'ombe anayekamuliwa hawezi kuyategemea. Ipo njia ya kuyaboresha kwa mbolea ya urea, lakini kipimo kikikosewa urea ni sumu, kwa hiyo mwite afisa mifugo akuoneshe mara ya kwanza.

Nguruwe anasimama upande wa kuku: punje zilizosagwa zinamfaa sana, na pumba anaimudu zaidi ya kuku, hasa jike mwenye mimba. Akila mahindi matupu anaota mafuta na nyama inachelewa, tatizo likiwa laisini ile ile. Ukipata mahindi ya mbegu za Lishe, kama Lishe K1 au H1, yana laisini zaidi ya mahindi ya kawaida, nayo yanamfaa.

Na mahindi yakipanda bei? Mtama mweupe kutoka Kwimba au Magu unaweza kuchukua nusu ya nafasi ya mahindi kwenye chakula cha kuku bila shida. Mtama mwekundu ule mchungu una tanini inayozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo uweke kidogo. Kwa ng'ombe na nguruwe usage, maana punje zake ndogo nyingi zinapita nzima mpaka kwenye kinyesi.

Makopa ni rahisi kuliko yote kwa macho. Hesabu yake ni tofauti. Kilo 100 za mahindi zina protini kilo 8 na nusu. Kilo 100 za makopa zina mbili na nusu tu. Pengo ni kilo 6, na kuliziba unahitaji kama kilo 11 na nusu za dagaa. Bei ya dagaa hao ijumlishe kwenye bei ya makopa ndipo ulinganishe na mahindi. Mara nyingi urahisi unayeyuka hapo hapo. Tena muhogo mchungu lazima ukatwe vipande vidogo na kukauka juani kabisa, sumu iondoke.

Nimeacha jambo zito mwisho kwa sababu linagusa chaguo lote. Kuna usemi majumbani: mahindi yakioza, "hayo ya kuku." Mimi niliamini hivyo hivyo. Mwaka mmoja wakati wa masika nilinunua pumba za bei ya chini mashineni, zina unyevu kidogo na harufu ya udongo. Kuku wangu walikuwa wananipa trei sita kwa siku. Ndani ya wiki tatu walishuka hadi nne. Walioanza kufa tuliwapasua na bwana mifugo, na maini yao yalikuwa yamepauka, yamevimba. Hakuna dawa aliyoniandikia. Aliniambia nimwage pumba.

Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka isiyokauka. Ni sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na pumba ina hatari ambayo wengi hawaijui: mahindi mabaya yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye ganda na kiini, yaani kwenye pumba. Sembe inatoka ikiwa na nafuu, mifugo ndiyo inayopokea kilichokolea. Kwa ng'ombe wa maziwa sumu haiishii tumboni mwake. Sehemu yake inatoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Kuchemsha hakuiondoi. Kuanika upya kunazuia ukungu usiendelee, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki pale pale.

Mahindi ya kwetu ya vuli yanavunwa mvua bado ziko jirani, kwa hiyo unyevu ndio adui wetu mkubwa kuliko mdudu dumuzi. Kipimo cha nyumbani ni chumvi: tia chumvi iliyokauka kabisa kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza punje mpaka theluthi moja ya chupa, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani juu ya turubai. Isipogandamana, yaweke ghalani juu ya mbao au kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Pumba, kwa sababu ya mafuta yake, mimi siiweki zaidi ya wiki tatu au nne hata ikiwa kavu.

Anayefuga bata pamoja na kuku awe mkali zaidi ya wote. Bata, hasa vifaranga wake, hawaistahimili sumukuvu hata kwa kiasi kidogo, na mara nyingi ndio wanaotangulia kufa kabla kuku hawajaonesha dalili. Kwangu bata hawapewi pumba kabisa; wanapata mahindi niliyoyachambua kwa mkono na kuyapima kwa chumvi mwenyewe.